Mume wangu amelitoa kabati langu nje, barazani

Shikamoo mama,

Naandika nikiwa jikoni, usiku, watoto wamelala. Mume wangu yuko mbugani Ndutu na wageni mpaka Jumamosi. Nyumba imetulia, lakini moyo wangu haujatulia.

Nina miaka 36, nimeolewa mwaka wa tisa huu, tuna watoto wawili, wa miaka saba na mitatu. Mimi ni mhasibu kwenye ofisi ndogo mjini Arusha, mume wangu ni dereva wa watalii. Mwezi wa kumi na moja tulihamia kwenye nyumba yetu hapa Moshono. Tumeijenga miaka sita, kama tunavyojenga watu wa kipato chetu: msimu wa wageni ukiwa mzuri ukuta unapanda, ukiwa mbaya majani yanaota kwenye msingi. Sasa imeisha. Dari ya jipsamu, marumaru mpaka jikoni, madirisha ya aluminiamu. Siku ya kwanza tulipoingia, sauti zetu zilikuwa zinaturudia kama tuko kanisani, maana ndani hamkuwa na kitu. Hela yote iliishia kwenye rangi.

Hapo ndipo nikaanza kununua vitu vilivyotumika. Mama, mji huu watu wanakuja na kuondoka. Kuna wa mashirika, wa makampuni ya utalii, wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mkataba ukiisha, mtu ana wiki mbili za kuuza kila kitu mpaka vijiko. Nikaingia kwenye kundi la WhatsApp wanakouziana. Nikapata viti viwili vya mbao vya kuegemeza mikono, sponji imekufa lakini mbao nzima kabisa. Nikapata taa ya mezani ya shaba kwa Mmarekani mmoja wa Njiro. Nikapata kimeza cheupe cha watoto. Krokoni nikachagua mapazia mazito ambayo dukani nisingeyaweza. Kuna bibi mmoja aliniuzia meza ya cherehani ya Singer, ile ya kukanyaga. Cherehani yenyewe ilishakufa, nikaweka kioo juu, sasa iko kwenye korido na kila anayeingia anaigusa.

Halafu likaja kabati. Lilikuwa kwa familia moja ya Kihindi iliyokuwa inahamia kwa watoto wao Uingereza. La mninga, refu kunizidi, milango miwili ya vioo juu, droo nne chini. Nilivuta droo moja nikaona mbao zimeshikana kwa meno yake zenyewe, hakuna msumari. Nikataka kulia pale pale. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi seremala Majengo, Moshi. Mimi nimekulia kwenye maranda. Najua harufu ya mninga kabla sijaiona mbao. Nikalipa laki nne na nusu, nikakodi kirikuu. Mume wangu nilimwambia nimelipa laki moja na ishirini. Najua nilikosea, lakini angenifanya nilirudishe.

Januari tukaita mchungaji kubariki nyumba. Ndugu wakashuka kutoka Old Moshi, kwao na mume wangu. Wifi yangu mkubwa akasimama katikati ya sebule, akazunguka na macho, akasema kwa sauti, "Kaka, umerudi Shanty Town!" Watu wakacheka. Mume wangu naye akacheka, halafu akatoka nje kwenda kuangalia nyama, na hakurudi ndani mpaka watu walipoanza kuaga.

Nikueleze hiyo Shanty Town. Mama mkwe alifanya kazi za ndani miaka mingi kwa familia moja yenye uwezo pale Shanty Town ya Moshi. Kila familia ile ilipobadilisha vitu, vya zamani vilipandishwa mlimani kwao: kochi, mapazia, mashati ya watoto. Siku moja mtoto wa bosi aliletwa kutembea, akaingia sebuleni akasema, "Hiki si kiti chetu?" Mume wangu hupenda kuisimulia hiyo akicheka, na sisi tunacheka.

Siku hiyo ya kubariki, wifi mdogo naye akaongeza, "Nyumba mpya, vitu vya marehemu, usingizi mnaupataje?" Mama mkwe nilimwandalia kile kiti kizuri kuliko vyote, akakikataa. Akaomba kiti cha plastiki, akakaa karibu na mlango wa jikoni. Nikajua ni mgongo wake.

Tangu siku hiyo mume wangu amebadilika. Anasema atakopa SACCOS milioni tatu na nusu tununue kochi la kona, stendi ya runinga na kabati jipya. Nikamwambia usiache mbachao kwa msala upitao. Akanijibu, "Mbachao nimelalia miaka ishirini." Wiki mbili zilizopita nilikwenda Moshi kumwona mama yangu, nikalala siku mbili. Nimerudi nimekuta kabati liko barazani, viti vimepandishwa juu yake, na maboksi. Sikusema kitu. Naye hakusema kitu. Tunaongea habari za watoto tu.

Na kuna jingine sijamwambia. Kijana mmoja wa Tanga amenitumia picha ya ubao wa mlango wa nakshi, anasema umetoka Pangani na una zaidi ya miaka mia. Anataka laki sita. Nilikuwa nimepanga niuwekee miguu na kioo uwe meza ya sebuleni. Nimeshatoa laki moja ya kishika uchumba.

Mama, niuze vyote akope anavyotaka? Au nisimame? Naona mawifi zangu ndio waliomjaza maneno. Kabla ya siku ile alikuwa hana neno.

Binti wa fundi, Moshono

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, binti wa fundi.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekalia kochi ambalo limebadilishwa kitambaa mara nne, kwa hiyo usinichukulie kama hakimu asiye na upande. Napenda vitu vya zamani. Ulipofika kwenye droo zisizo na msumari nami nilisogeza miwani. Ndiyo maana nimejilazimisha niisome tena, safari hii nikiwa upande wa yule aliyelibeba kabati kulitoa nje.

Umeniuliza swali la makochi: uuze akope, au usimame. Nitafika huko. Lakini kabla ya makochi kuna jambo umelisema kwa kupita, katikati ya barua, kama mtu anayeonyesha njia kwa kidole bila kusimama. Umesema mume wako husimulia habari ya kile kiti akicheka.

Nami nauliza: alikuwa na umri gani siku ile? Alivaa nini? Maana kama makochi yalitoka kwa bosi na mashati yalitoka kwa bosi, basi mtoto yule aliposema "hiki si kiti chetu" huenda alikuwa anamtazama mwenzake aliyevaa shati lake pia. Watu wengi tunacheka tunaposimulia vitu vya namna hiyo. Kicheko ni mfuniko mzuri. Sisemi kwamba ndivyo ilivyo kwa mume wako, mimi simjui, wewe ndiye unayelala naye. Ila mtu aliyecheka halafu akaenda kukaa na nyama mpaka wageni wakaaga, huyo namwonea shaka kwamba kilichomchekesha hakikumchekesha.

Unasema mawifi ndio waliomjaza maneno. Inawezekana, mawifi wana kazi hiyo tangu enzi. Lakini hebu mfikirie huyo mkubwa. Kochi lililopandishwa mlimani yeye hakulikalia? Nguo hakuzivaa? "Umerudi Shanty Town" ni maneno ya mtu aliyekuwa huko pamoja na kaka yake. Huenda alikusudia kukuchoma. Huenda pia alikuwa anazungumza na kaka yake kwa lugha yao wawili, na wewe ulikuwa umesimama tu katikati. Unasema kabla ya siku ile alikuwa hana neno. Je, uliwahi kumwuliza, au alikuwa kimya nawe ukakiita kimya chake ndiyo?

Nikukumbushe kitu ambacho wewe kwa umri wako hukukiona. Sisi tuliokuwa wasichana mwanzoni mwa miaka ya 80 tunakumbuka maduka matupu. Sabuni kwa foleni, kanga kwa kujuana. Mwaka 1984 serikali ilipoanza kulegeza masharti ya kuingiza bidhaa, nguo za mitumba zilimiminika, na watu waliziita kafa Ulaya. Kafa Ulaya! Yaani mwenyewe amekufa huko, sisi tunamvalia huku. Kwa hiyo wifi yako mdogo hakubuni lolote aliposema vitu vya marehemu, amerithi mzaha wa wazazi wake. Tulizivaa tukizionea haya, tukang'oa lebo, tukasema ametuma shangazi. Leo binti zangu wanakwenda mnadani Jumamosi wakiwa wamevaa miwani ya jua, wanapiga picha kipande walichookota. Nguo ni ileile. Tofauti ni kwamba wao wangeweza kununua dukani.

Ndipo ninapokuona wewe na mume wako mmesimama mbele ya kabati moja mnaona vitu viwili. Wewe umekulia kwa fundi. Kwenu kitu cha zamani kilikuja karakana kikiwa mgonjwa kikatoka kimepona, na baba yako akalipwa na kuheshimiwa. Kwao kitu cha zamani kilikuja kwa sababu mwenye nacho amekichoka. Wewe ulichagua. Yeye alipewa. Na amejenga nyumba miaka sita, akiamka saa kumi usiku kuwapeleka watu wa mbali kwenye wanyama, na nadhani (nadhani tu) mahali fulani kichwani alikuwa anaijenga ile nyumba ambayo hakuna mtoto wa mtu atakayeingia na kusema hiki ni chetu.

Sasa niseme kuhusu bei, na hapa niruhusu nikubane kidogo. Ulimwambia laki moja na ishirini. Ulidhani unajikinga na ugomvi. Lakini tazama ulichokifanya: wewe mwenyewe, unayejua mninga kwa harufu, ulilishusha kabati mbele ya macho yake. Ulimwambia ni kitu cha bei ya kutupa. Yeye amelitoa nje kabati la laki moja na ishirini. Lile la laki nne na nusu, lenye droo kama za baba yako, hajawahi kuambiwa kwamba lipo ndani ya nyumba. Je, anajua kwamba ulitaka kulia ulipovuta ile droo? Barua yako haisemi kama ulimwambia.

Na wewe ni mhasibu. Unajua kwamba hesabu iliyofichwa hujitokeza siku mbaya. Pamoja na ile laki moja ya kishika uchumba.

Huo mlango wa Pangani naomba niusemee peke yake, maana una hatari ya aina nyingine. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na miongoni mwa vitu inavyovilinda kwa kuvitaja ni milango na fremu za mbao zilizochongwa nakshi kabla ya mwaka 1940. Si vitu vya kuuziana kwenye simu. Kama kijana anasema kweli kwamba una miaka mia, basi unanunua kitu kinachohitaji kibali, na huenda kimeng'olewa kwenye nyumba ya watu. Kama anasema uongo, basi unanunua mbao mpya iliyopakwa rangi ya viatu na kuachwa juani, na kazi hiyo siku hizi inafanywa vizuri mno. Kwa vyovyote mwulize karatasi. Akianza kuzunguka, hesabu ile laki kuwa ni ada ya shule. Wenye kujua zaidi ni Idara ya Mambo ya Kale, nao hawaumi.

Turudi kwenye swali lako. Ukiuza vyote akope, amani itakuja, na itakuja haraka. Lakini mkopo wa SACCOS una marejesho kila mwezi, na kazi ya mume wako haina mshahara wa kila mwezi unaofanana. Aprili na Mei mvua zinanyesha, njia zinaharibika, wageni wanapungua, kambi nyingine zinafunga kabisa. Milioni tatu na nusu ikichukuliwa sasa, marejesho ya kwanza yatawakuta katika miezi hiyo hiyo. Hilo si la kumwambia kama kombora. Liweke mezani kama unavyomwekea bosi wako hesabu. Na kochi lenyewe mlikague kabla ya kulipenda: mengi ya bei hiyo ndani yana fremu ya paina na sponji nyepesi, nje kitambaa kinang'aa. Yapo mazuri pia, ya mafundi wetu hapa hapa mjini. Ukilala chini ukatazama mbao za tumbo lake utajua. Wewe ni binti wa fundi, huhitaji mimi nikueleze.

Hatari nyingine ya kuuza huioni sasa. Utauza kwa hasira, na muuzaji mwenye hasira hupata nusu ya bei. Kisha kila ukikaa kwenye kochi la kona utakuwa umekalia kabati lako.

Ukisimama, unaweza kushinda. Nimeona nyumba za namna hiyo: mke ameshinda, sebule imependeza, mume anakaa baa mpaka saa nne. Haya, natia chumvi. Lakini mwanamume asiyeona kitu chake sebuleni hujitafutia sebule nyingine.

Kuna wanaogawana vyumba. Sebule iwe yake, iwe mpya kabisa, korido na chumba cha kulia viwe vyako. Hili linafaa kwa baadhi ya watu. Kwa wengine linaifanya nyumba iwe na mpaka, na watoto wanajua mpaka uko wapi. Wengine huchukua kitu kimoja cha zamani, kimoja tu, wakakitengeneza pamoja mpaka kionekane kimefanyiwa kazi, vingine vyote wakavinunua vipya polepole bila mkopo. Hapa kuna jambo la maana. Kiti chenye sponji iliyokufa na vanishi iliyochubuka kinasema "nimetupwa" hata kama wewe unaona mbao. Kiti hichohicho kikipigwa msasa, kikatiwa sponji mpya na kitambaa alichokichagua yeye, kinasema kitu kingine. Nina wasiwasi kwamba ulimwonyesha mume wako na ndugu zake vitu kabla havijapona. Baba yako asingekitoa kiti karakana katika hali ile.

Lakini ukianza hayo matengenezo peke yako, kwa hela yako, Jumapili mchana yeye akiwa Ndutu, basi umerudi palepale.

Na kwa kuwa tumefika kwenye matengenezo, acha niwe mama kidogo. Hicho kimeza cheupe cha watoto kinanitisha kuliko mawifi. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake au magamba yake yakiingia kinywani mwa mtoto wa miaka mitatu huathiri ubongo. Kama inabanduka, kitoe chumbani leo. Usikipige msasa mkavu ndani ya nyumba. Kama hujui umri wa rangi, ni afadhali kukiacha kiende. Taa ya Mmarekani nayo: kwao umeme ni volti 120, kwetu ni 230. Mtafute fundi umeme abadilishe waya, kishikio cha balbu na plagi kabla hujaiwasha tena, hata kama mpaka sasa imekuwa inawaka vizuri. Viti vya sponji vivue nguo zote. Kunguni anakaa kwenye maungio ya mbao na anaweza kuishi miezi bila kula. Jua peke yake halimtoshi, maji yanayochemka ndiyo anayoyaelewa. Sponji ya zamani ichome, usiihurumie.

Kabati lenyewe litazame kwa nyuma. Moyo wa mninga wadudu hawaupendi, lakini ile sehemu nyeupe ya pembeni, na plaiwudi ya mgongoni kama ipo, bungua huitoboa. Ukiona vitundu vidogo na unga laini kama wa sembe unadondoka, bado wamo, na watahamia kwenye milango yako mipya. Likitoa vumbi hilo, fundi alitibu kabla halijaingia ndani. Na siku litakaporudi ndani, kama litarudi, lifungwe ukutani kwa vyuma. Mtoto wa miaka mitatu hupanda droo kama ngazi, na kabati refu namna hiyo huja chini lote.

Kuhusu vitu vya marehemu, sina mengi. Mchungaji wenu alisali ndani ya nyumba vitu vikiwemo, na hukusema kwamba aliviruka. Wenye kabati wako Uingereza wanakunywa chai. Lakini kama mume wako ana hofu ya kweli katika hilo, usiicheke. Mwulize.

Jambo moja limenikaa, nami nalisema kwa tahadhari kwa sababu naweza kuwa nimekosea kabisa. Ni mama mkwe wako. Umemwandalia kiti kizuri kuliko vyote, akakataa, akaomba cha plastiki, akakaa karibu na mlango wa jikoni. Ukajua ni mgongo. Mwanangu, mtu mwenye mgongo mbovu anakimbia kiti chenye mikono na maegemeo akafuate cha plastiki? Kwenye ile nyumba ya Shanty Town, miaka yote ile, viti vya namna hiyo alivifuta vumbi. Sijui kama aliwahi kuvikalia. Sijui kama aliruhusiwa. Huenda alikuwa anatafuta upepo wa mlangoni tu. Huenda alitaka kuwa karibu na wanaopika. Lakini mwanawe alimwona akivuka sebule kwenda kukaa pale, na kama nimeisoma vizuri siku ile, huenda hilo ndilo lililomweka nje na nyama, zaidi ya maneno ya dada yake.

Hilo sikupi kama jibu. Ni jambo la kwenda kuliuliza, na si kwa mume wako kwanza labda. Mnapopanda Old Moshi wakati wa Pasaka, jikoni, mkimenya ndizi, mwulize mama habari za kazi yake ya zamani. Usimwulize ya kiti. Mwache azungumze. Wamama wa umri ule wana habari ambazo hakuna mkwe aliyewahi kuziomba.

Na Jumamosi mume wako akirudi, atakuwa na vumbi la Ndutu mpaka kwenye nyusi. Mwache aoge, ale, alale. Jumapili, kabla hujafungua mdomo kuhusu milioni tatu na nusu, nadhani kuna hesabu mbili unazodaiwa, ya kabati na ya mlango, na kuna habari za baba yako na zile droo. Mengine yatategemea yeye atasema nini, na hayo mimi siwezi kuyaandika kutoka hapa.

Ila kabati litoeni hapo barazani, popote pale mtakapoliweka, hata kama ni stoo. Tuko mwisho wa Februari. Masika ikianza kupiga upande wa Moshono, mninga nao hunyonya maji, na droo zikishavimba hazifunguki tena kwa mapenzi ya mtu yeyote.